Kujitengenezea gitaa la umeme nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye meza ya kazi, vifaa vya kawaida vya useremala, na hamu ya kupiga gitaa alilolichonga mwenyewe. Majibu yanahusu gitaa la nyuzi 6 lenye bodi ya mbao nzima isiyo na uwazi ndani, na shingo inayofungwa kwa skrubu. Aina nyingine zipo, lakini hii ndiyo inayomvumilia zaidi anayejifunza: shingo ikiharibika unaifungua na kuchonga nyingine, bodi inabaki.

Hivi inawezekana kweli, au nitaishia kupata pambo la ukutani?

Inawezekana. Mwaka 1963 Brian May, kijana wa Uingereza ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga solo wa bendi ya Queen, alianza kutengeneza gitaa nyumbani pamoja na baba yake, Harold, mtu wa elektroniki. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao kuukuu ya mahali pa kuotea moto. Springi za daraja, yaani kile chuma cha kwenye bodi kinachoshikilia nyuzi, zilitoka kwenye valvu za pikipiki chakavu, na alama za kwenye ubao wa vidole, ubao wa juu ya shingo ambao nyuzi hubonyezewa, ni vifungo vya nguo. Gitaa hilo, Red Special, ndilo alilorekodia na kupanda nalo jukwaani kwa miongo.

Gitaa la umeme ni rahisi kuliko la akustika kwa sababu moja kubwa: sauti haitoki kwenye kifua chembamba cha mbao, inatoka kwenye sumaku na koili. Huna haja ya kujua kukunja mbao kwa mvuke wala kuchonga ubao wa milimita 3. Ugumu upo, ila haupo pale wengi wanapoutarajia. Watu hukesha wakichora umbo la bodi, ilhali bodi husamehe karibu kila kosa. Shingo haisamehi. Ukiwa na nguvu kidogo na muda mchache, vyote vipeleke kwenye shingo, freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole) na mahali pa kuweka daraja.

Nianze na nini?

Anza na vyuma, si mbao. Kabla hujakata chochote, uwe nazo mezani: daraja, funguo 6 za kukazia nyuzi, pikapu (sumaku na koili inayonasa mtikisiko wa nyuzi), potenshiomita (kitasa cha kurekebishia sauti na toni), tundu la jeki la kuchomekea waya wa amplifaya, nondo ya kunyooshea shingo, waya wa freti na kidaraja, yaani kile kipande chenye mifereji kinachokaa kati ya shingo na kichwa. Michoro ya mitandaoni itakwambia tundu la ufunguo lina kipenyo cha milimita 10. Ufunguo ulionao unaweza kutaka zaidi au pungufu. Pima kitu chenyewe.

Kisha chora gitaa zima kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kutazama kutoka juu na kutoka ubavuni. Mchoro wa ubavuni ndio watu huuruka, na ndio unaokwambia kama nyuzi zitapita juu ya pikapu au zitaigonga.

Nichonge shingo mwenyewe au ninunue iliyo tayari?

Kama unachotaka ni gitaa la kupigia, nunua shingo kwa gitaa la kwanza na uchonge bodi tu. Si aibu, utakuwa umeshapata kazi ya kutosha. Kama unachotaka ni ufundi wenyewe, chonga shingo, tena chonga mbili kwa pamoja kutoka mbao moja. Ya pili itakugharimu mbao tu, na mara nyingi ndiyo utakayoifunga.

Mbao ipi inafaa? Na je, mbao inabadilisha sauti?

Swali la kwanza ni rahisi. Mbao iwe imekauka vizuri, unyevu wa takriban asilimia 6 hadi 10, isiyo na fundo wala ufa. Mkangazi ni chaguo zuri kwa bodi na hata kwa shingo: unakatika bila ugomvi na hautembei sana hali ya hewa ikibadilika. Mninga na mtiki pia hufaa. Mtiki una mafuta, kwa hiyo ufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, la sivyo kiungo kitaachia. Mvule ni imara, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua, hivyo barakoa ni lazima. Mpingo uache kwa ajili ya ubao wa vidole, ambapo ugumu wake unalipa. Bodi ya kawaida ina ujazo wa lita 4.5 hivi; kwa mbao ya kilo 600 kwa mita ya ujazo unapata bodi ya kilo 2.7, lakini kwa mpingo ingezidi kilo 5 kabla hujafunga hata skrubu moja. Bega lako lingeleta kesi.

Swali la pili limegombanisha watu kwa miaka. Pikapu ya sumaku haisikii mbao. Inasikia mtikisiko wa uzi wa chuma ndani ya uga wa sumaku. Mbao inaweza kunyonya sehemu ya mtikisiko huo na hivyo kugusa kidogo jinsi noti inavyodumu, lakini aina ya pikapu, mahali ilipo na nyuzi zenyewe vina kauli kubwa zaidi. Gitaa la umeme la mwanzo lililouzwa sokoni, Frying Pan la Rickenbacker la miaka ya mwanzo ya 1930, lilikuwa la aluminiamu. Danelectro walitengeneza magitaa ya ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizogandamizwa juu ya fremu ya mbao, na watu wakayapenda. Ukiwa na mbao kavu na nyoofu, usiisubiri ya hadithi.

Ni lazima niwe na mashine ya ruta?

Ruta, mashine ya kuchimba mbao kwa kisu kinachozunguka, si lazima kwa bodi, ingawa inarahisisha. Umbo la nje unaweza kulikata kwa msumeno mwembamba wa mkono au wa umeme, ukamalizia kwa tupa na msasa. Mashimo ya pikapu yatoboe kwa keekee matundu yanayopakana, kisha usafishe kingo kwa patasi yenye makali. Shimo la kuingilia shingo ndilo linalotaka ruta zaidi, kwa sababu sakafu yake lazima iwe bapa kabisa. Kina cha milimita 16 na upana wa milimita 56 ni vipimo vinavyotumika sana, lakini upana uufuate mguu wa shingo yako: ukiichomeka shingo na kuinyanyua, bodi inyanyuke nayo bila skrubu.

Ukitumia ruta, usichimbe zaidi ya milimita 5 au 6 kwa mpito mmoja. Ukizunguka ukingo wa nje, sogea kinyume cha mwendo wa saa. Ndani ya shimo, sogea pamoja na mwendo wa saa. Ukienda vingine kisu kitaivuta mashine kutoka mikononi mwako, na hapo vidole ndivyo vinavyolipa. Miwani ya kinga na vizibo vya masikio havina mjadala.

Nafasi za freti zinapimwaje?

Hapa ndipo mtihani ulipo, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kwanza chagua urefu wa uzi, yaani umbali kutoka kidaraja hadi daraja ambao uzi unatikisika. Magitaa ya kampuni ya Fender yamezoeleka kwa milimita 648, ya Gibson kwa 628 hivi. Urefu mkubwa hukaza nyuzi zaidi. Mfupi hulegeza na kurahisisha kuzipinda kwa kidole.

Ukishachagua, gawanya urefu huo kwa 17.817. Jibu ni umbali wa freti ya 1 kutoka kwenye kidaraja. Toa jibu hilo kwenye urefu, baki uigawanye tena kwa 17.817, na jibu jipya ndilo pengo kati ya freti ya 1 na ya 2. Endelea hivyo hadi mwisho. Namba hiyo inatokana na oktava kuwa na nusu-toni 12, na kila nusu-toni kuufupisha uzi kwa uwiano uleule, hivi kwamba freti ya 12 inaangukia katikati kabisa ya uzi.

Kwa urefu wa milimita 648, umbali kutoka kwenye kidaraja unakuwa hivi: freti ya 1 ni 36.4, ya 2 ni 70.7, ya 3 ni 103.1, ya 5 ni 162.5, ya 7 ni 215.5, ya 12 ni 324, na ya 22 ni 466.2. Tumia namba hizi kuhakiki hesabu yako.

Unapohamisha vipimo kwenye mbao, kila freti ipime kutoka kwenye kidaraja, usipime kutoka freti moja hadi nyingine. Ukipima kwa kurukia, kosa la nywele moja kwenye kila pengo litajikusanya, na ufikapo freti ya 15 gitaa halitakubaliana na kinanda. Tumia rula ya chuma, na mistari ichore kwa ncha ya kisu badala ya penseli. Mstari wa penseli wenyewe una unene wa kosa.

Jambo jingine ambalo michoro haisemi: kata mifereji ya freti wakati ubao wa vidole bado ni mstatili, pande zake zikiwa sambamba. Ukishauchonga upande mmoja uwe mwembamba na mwingine mpana, skwea haina tena ukingo wa kuegemea. Msumeno uwe wa kukata mfereji wa milimita 0.6 hivi. Msumeno wa kawaida utaacha mfereji mpana, na freti itakuwa inaruka kila hali ya hewa inapobadilika.

Shingo yangu haitapinda?

Itataka kupinda. Seti ya nyuzi zenye unene wa inchi 0.010 hadi 0.046 kwenye urefu wa milimita 648 huivuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi, usiku na mchana. Ndiyo maana ndani ya shingo kunawekwa nondo ya chuma, wazo ambalo fundi wa Gibson, Thaddeus McHugh, alilichukulia hataza mwaka 1923. Nondo za kisasa za kukaza pande mbili ndizo rahisi kuziweka: mfereji mnyoofu, mwembamba kiasi cha kuibana nondo isitikisike, wenye kina cha kuizamisha sawa na uso wa mbao.

Mbao ya shingo iwe na nyuzinyuzi zinazokwenda sambamba na urefu wake. Ikiwa zinakimbilia ubavuni, itupe hata kama sura yake inakuvutia.

Wakati wa kugandisha ubao wa vidole juu ya shingo, gundi ya mbao huufanya uteleze mara tu unapokaza klampu. Dawa yake: pigilia misumari miwili myembamba ndani ya mifereji ya freti, mmoja karibu na kidaraja na mwingine karibu na freti ya 12, kabla ya kupaka gundi. Itaushika ubao usihame. Gundi ikikauka unaing'oa, na freti zitayafunika matundu. Acha klampu kwa saa 24 hata kama kopo la gundi linajisifu kwa dakika 30.

Mgongo wa shingo uchonge kwa tupa ya meno makubwa, kisha chukua utepe wa msasa na uuvute huku na huku juu yake kama mtu anayeng'arisha viatu. Unene wa milimita 21 kwenye freti ya 1 na 23 kwenye ya 12, pamoja na ubao wa vidole, ni mahali salama pa kuanzia.

Freti nikishazigonga, kazi imekwisha?

Bado kabisa. Hata ukizigonga kwa nyundo ya kichwa cha plastiki kwa uangalifu wote, kutakuwa na moja iliyosimama juu ya wenzake. Ya kuitafuta: chukua kipande kifupi cha chuma kilichonyooka, kilaze juu ya freti tatu kwa wakati mmoja, ukibonyeze kushoto na kulia. Kikicheza, freti ya kati imezidi. Ukisikia mlio mdogo wa tiki-tiki, hiyo ndiyo iliyokuwa inakusubiri.

Kwanza igonge tena. Huenda haijakaa tu. Baada ya hapo nyoosha shingo kwa nondo hadi iwe sawa kama rula, paka kalamu ya wino mzito migongoni mwa freti zote, kisha pitisha tupa bapa ndefu kwa mikono myepesi. Pale wino unapofutika ndipo palipo juu. Simama mara tu kila freti inapokuwa imeguswa. Ukiendelea unapunguza freti bure. Tupa itaziacha na vichwa bapa, kwa hiyo zirudishe mviringo, kisha msasa wa 400, 800, 1,500 na 2,000 hadi zing'are. Kazi hii inachosha na haionekani kwenye picha, lakini hii ndiyo inayotenganisha gitaa na kinyago cha gitaa.

Daraja niliweke wapi hasa?

Usitoboe tundu la daraja kwa kufuata mchoro peke yake. Funga shingo kwanza. Pima milimita 648, au urefu wowote uliouchagua, kutoka kwenye ukingo wa kidaraja unaotazama freti, na uchore mstari kwenye bodi. Kibebeo ni kile kipande cha daraja kinachosogezeka, ambacho uzi hulala juu yake. Sogeza kibebeo cha uzi wa 1, ule mwembamba kuliko wote, karibu na mwisho wake wa mbele, ukiacha nafasi kidogo, kisha ukiweke juu ya mstari huo. Vibebeo vingine vitahitaji kurudi nyuma kwa milimita chache, zaidi kwa nyuzi nene, kwa sababu uzi ukibonyezwa hukazika kidogo na noti hupanda. Daraja likiwa na nafasi ya kurudi nyuma, unarekebisha. Likiwa limeishiwa nafasi, hakuna bisibisi itakayokuokoa.

Upande wa kushoto na kulia una mtihani wake. Vuta nyuzi mbili za kushonea kutoka kwenye mifereji ya pembeni ya kidaraja hadi kwenye daraja lililolazwa bila skrubu. Tazama nafasi kati ya kila uzi na ukingo wa shingo kwenye freti ya mwisho. Zikitofautiana, sukuma daraja hadi zifanane, weka alama, na hapo ndipo utoboe.

Daraja bapa la mtindo wa Fender linakubali shingo iliyo sambamba na bodi. Daraja refu la mtindo wa Gibson linataka shingo iinamishwe nyuma kidogo, na kwa gitaa la kwanza ningeliepuka.

Pikapu ninunue au nisuke mwenyewe?

Kusuka ni burudani, lakini ni ufundi wa pekee. Pikapu ya koili moja huchukua waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, milimita 0.063, unaozungushwa mara 7,000 hadi 8,500 kuzunguka sumaku. Ukikatika kwenye mzunguko wa 6,000, unaanza upya. Ukimaliza, koili huzamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa kwa moto mdogo juu ya maji ya moto, ili isipige filimbi sauti ikiwa kubwa. Kwa gitaa la kwanza, nunua.

Pikapu yoyote uliyonayo, mpya au ya kuokota, ipime kwa multimita kabla ya kuifunga. Ya koili moja husoma kiloomu 5 hadi 8. Ikisoma hewa tupu, waya umekatika mahali.

Waya zinaungwaje, na mbona gitaa langu linavuma?

Waya wa moto wa pikapu unaingia pini ya pembeni ya potenshiomita ya sauti, pini ya kati inapeleka ncha ya jeki, na pini iliyobaki inaunganishwa na mgongo wa potenshiomita, ambako waya zote za ardhi hukutana. Kwa pikapu za koili moja tumia potenshiomita za kiloomu 250, kwa zile za koili mbili 500. Kapasita ya toni iwe ya mikrofaradi 0.047 au 0.022, ya kwanza hukata sauti kali zaidi. Migongo ya potenshiomita hunyonya joto, kwa hiyo ikwangue kwa msasa kwanza, ndipo lehemu itashika.

Waya unaosahauliwa kuliko wote ni ule unaotoka chini ya daraja kwenda kwenye ardhi. Mvumo ukipungua ukigusa nyuzi, waya huo upo na unafanya kazi. Kinachobaki ni kufunika kuta za mashimo kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na ardhi. Mvumo ukizidi ukigusa nyuzi, angalia kama umegeuza waya za jeki. Na ujue kwamba koili moja itavuma kidogo tu hata ukifanya yote. Seth Lover wa Gibson alibuni pikapu ya koili mbili katikati ya miaka ya 1950 kwa sababu hiyohiyo.

Gitaa linaweza kunipiga shoti?

Gitaa lenyewe, bila betri ndani, halina umeme wa kumdhuru mtu. Hatari iko kwenye amplifaya na soketi isiyo na waya wa ardhi, maana nyuzi unazozishika zimeunganishwa moja kwa moja na kasha la amplifaya. Usikate pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa mvumo. Na usifungue amplifaya ya valvu kwa udadisi: ndani kuna mamia ya volti, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Nipake nini juu yake?

Msasa wa 120, 180, 240, kisha 320, daima kwa kufuata nyuzinyuzi za mbao. Baada ya hapo mafuta ya kupaka kwa kitambaa ndiyo rahisi kwa anayejifunza: makosa yake unayafuta, wakati vanishi ya kupuliza hutiririka na kuganda mbele ya macho yako. Kwenye mgongo wa shingo paka kidogo tu, vanishi nene hunata kiganjani.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje vikauke au viloweke kwenye maji.

Nyuzi zinalia bzz. Nifanyeje?

Fuata mpangilio huu, maana kila hatua hubadilisha inayofuata. Nyoosha shingo kwanza: bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na ya mwisho, kisha tazama pengo katikati, freti ya 7 au 8. Liwe milimita 0.2 hadi 0.3. Nondo izungushe robo mzunguko kwa mara moja. Halafu weka urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 1.6 kwa uzi wa 1 na 2 kwa wa 6. Kama bado zinalia mahali pamoja tu, rudi kwenye kile kipande kifupi cha chuma.

Mwisho linganisha noti ya uzi uliobonyezwa freti ya 12 na ile ya kuugusa tu juu ya freti hiyo bila kuubonyeza. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kibebeo nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Naweza kunakili umbo la gitaa maarufu?

Kwa gitaa lako la nyumbani, watu wengi hufanya hivyo. Usibandike nembo ya kampuni kichwani, na ukianza kuuza, chora umbo lako mwenyewe. Maumbo ya vichwa vya magitaa mengi ni alama za biashara zilizosajiliwa.

Kwa nini halikai kwenye tuni?

Funguo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi hazina hatia. Nyuzi mpya hurefuka, hivyo zivute kwa vidole, kaza, vuta tena, hadi zitulie. Kisha sikiliza kidaraja: ukikaza uzi na ukasikia "tik" kabla noti haijapanda, uzi umebanwa kwenye mfereji. Upanue kidogo kwa tupa nyembamba na usugue ncha ya penseli humo ndani. Ukishayafanya hayo na bado linateleza, kaza skrubu za shingo. Funguo zibadilishe mwisho.